Bomba la Shaba kwenye Kaunta ya Mama

Nikisikia harufu ya ndimu iliyokamuliwa kwenye majivu, nafsi yangu hurudi utotoni, hapa Bagamoyo, kwenye baa ya mama. Ndivyo tulivyosugua lile bomba la shaba mpaka nikayaona meno yangu ndani yake. Nilikuwa na miaka tisa, na nilistaajabu kwamba kitu kinachong'aa vile kimenunuliwa ili kikanyagwe.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama, mtu wa kuja kutoka bara, akaamua kufungua baa, na akataka wateja wasimame kaunta wakiwa na pa kuweka mguu, kama alivyoona kwenye hoteli alikowahi kupika. Madukani walimwonesha mabomba ya chuma. Akayakataa, maana chumvi ya pwani haina huruma na chuma. Fundi aliyeijua shaba alikuwa Mzee Shomari, aliyefunga vyuma vya mashua kule Mbegani. Alikuwa mtu wa swala tano, hajawahi kukanyaga baa. Mama alimbembeleza wiki nzima, akakubali kwa sharti moja: amalize kabla kreti za bia hazijaingia.

Alikuja asubuhi na chupa yake ya chai. Nikamwamkia, akaitikia, akasema bismillahi, akaanza kutoboa saruji ya kaunta. Kwa kuwa hakujua mnywaji husimama vipi, alitumia kipimo alichokizoea, cha lile tuta la msikitini watu wanapoweka mguu wakitawadha. Bomba lilipofungwa, mama akajaribu. Goti likampanda kama mtu anayeparamia lori. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mzee hakucheka. Alisema kipimo cha mguu hakisimuliwi, lazima mtu asimame. Mama alikuwa mfupi, wateja wangekuwa wanaume, na mwanamume pale alikuwa yeye peke yake.

Mama akaenda kufunga mlango wa barabarani ili mzee asionekane.

"Acha wazi, Mama Neema," mzee akasema. "Ukifungwa ndipo watu watapata la kusema."

Akavua viatu, akaegemeza kiwiko kwenye kaunta, kofia yake kichwani, akainua mguu. Nikawa napanga vipande vya mbao chini ya unyayo wake, naongeza, napunguza, mpaka akashusha pumzi. Watu walikuwa wakitoka sokoni na samaki wao. Mmoja, anayeswali naye safu moja, akasimama kabisa.

"Shomari, hata wewe?"

"Napima," akajibu, na mguu hakuushusha mpaka mama alipochora alama ya chaki.

Sijawahi kuona mtu aliyesimama vizuri kama yule. Kwa majuma mengi barazani walimsema. Lisemwalo lipo, wakaambiana, na kama halipo laja. Mimi nilidhani aliuacha mlango wazi kwa sababu ya vumbi la saruji.

Baa sasa naiendesha mimi. Bomba bado lipo, na juu yake yapo matundu ya kwanza yaliyozibwa. Wateja huniuliza ni ya nini, nami huwaambia fundi alikosea kipimo.

Mwaka jana nilifiwa na mume wangu. Arobaini ilipopita, nikiwa peke yangu nyumbani, fundi umeme alikuja kutengeneza taa ya sebuleni. Kabla hajashusha mkoba wake, nilijikuta nimekimbilia mlangoni, naufungua mpaka mwisho, na machozi yakinitoka kwa ajili ya Mzee Shomari.