Chupa ya Pili ya Jumanne

Watu wa sokoni walimwita Mteka Upepo. Akishuka kilimani kutafuta sabuni na viberiti, muuza duka humtania, "Leo umeteka ndoo ngapi, mzee?" Naye hucheka, anachukua vitu vyake, anapanda zake. Hayo ndiyo maongezi yake ya wiki nzima.

Kazi yenyewe si ya mzaha. Kila Jumanne saa nane mchana husimama ukingoni mwa kilima, uso ameuelekeza unakotoka upepo, anavuta pumzi, anaibana, ndipo anajaza hewa kwenye chupa mbili za kioo, moja baada ya nyingine. Pumzi ya mtu imejaa hewa ukaa; ukiipumulia chupa, umeiharibu. Maabara mjini huzipima zote mbili. Zikikubaliana, wanamletea nukta moja ya kuweka kwenye karatasi ndefu iliyobandikwa juu ya kitanda chake. Zikigombana, hakuna nukta. Miaka ishirini na miwili, hajakosa hata moja.

Majani yakichipua, mstari wa nukta hizo unashuka, maana majani huinywa ile hewa ukaa. Yakidondoka na kuoza, unapanda. Chini, juu, chini, juu. Ila kila mwaka ukishuka, haufiki ulipofika mwaka jana. Alipoanza ulikuwa sehemu mia tatu sabini na kitu katika kila sehemu milioni za hewa. Sasa umepita mia nne ishirini. Moshi wa magari na viwanda, walimwambia, na misitu inayokatwa. Mwaka ule wa kwanza ndio mkewe alioshuka na mtoto, akisema amechoka kuishi na mtu anayewanyamazia watu na kuusikiliza upepo.

Jumanne moja mtoto yule, sasa mtu mzima, akaja bila taarifa. Alikata njia ya mkato, akatokea mbele ya mzee, upande ule ule wa upepo. Chupa ya kwanza imeshafungwa, ya pili iko wazi. Mzee kabana pumzi, macho yamemtoka. Alimjua kwa mwendo. Mwendo wa mama yake mtupu. Kusema hawezi. Akainua kiganja: simama hapo hapo.

Binti akasimama, akakitazama kile kiganja.

"Haya, baba. Nimeelewa."

Akageuka.

Zilibaki hesabu ishirini kabla ya kufunga koki. Mzee akahesabu tatu.

"Mama!" akapiga kelele, kama alivyokuwa akimwita binti alipokuwa mdogo. "Mama, rudi!" Pumzi yote ikaangukia chupani.

Walikaa nyuma ya nyumba, juu ya kreti la chupa.

"Kumbe kuja kwako mpaka niuombe upepo ruhusa?"

"Ungepita njia ya nyuma."

"Ya nyuma ningeijuaje, baba? Nilikuwa na miaka sita."

Mzee alianza kucheka, akaishia njiani. Binti akamweleza kwamba mumewe amepata kazi ng'ambo, wanahama mwisho wa mwezi, akaona aje kumuaga. Chai hakuimaliza, gari lilikuwa linamngoja chini.

Wiki mbili baadaye mkuu wa maabara akapiga simu.

"Mzee wangu, chupa zako zimegombana. Ulipumua?"

"Nilipumua."

"Wewe? Basi nukta tunaifuta. Andika sababu daftarini."

Akaandika: mgeni. Akaitazama, akaikata kwa mstari mmoja, akaandika pembeni: binti yangu alikuja.