Tulihama Katwe Kukimbia Kodi, Sasa Nasubiriwa Polisi

Admin, nifiche jina, ndugu za mume wangu wamo humu.

Nina miaka thelathini na mbili, Mkongomani, fundi cherehani hapa Old Kampala. Tulipanga chumba kimoja Katwe na mtoto wetu, mpaka mwenye nyumba alipopandisha kodi. Mume wangu, mlinzi wa geti Nakasero, akapata vyumba viwili Matugga, mbali nje ya mji, kwa nusu ya kodi ile. Jamani, nilipiga vigelegele.

Mwezi haukuisha. Teksi kwenda, teksi kurudi, halafu boda mpaka mlangoni. Nauli ikala kodi tuliyookoa, ikala na chakula. Mume wangu akaanza kwenda kazini kwa miguu. Alirudi miguu imevimba, roho nayo imevimba. Nikichelewa kwa foleni, kofi. Nikijibu, mkanda.

Mama Furaha, mjane mwenye duka ninaposhonea, aliona alama shingoni. Akasema, "Mwanangu, siku za kazi laleni kwangu wewe na mtoto. Nauli itapona, na ngozi yako." Nilimwambia mume wangu, akakubali. Kumbe moyoni hakukubali.

Jumatano asubuhi akaingia dukani na nondo. "Unalalaka kwa mwanaume gani?"

Mama Furaha akasimama katikati yetu. "Baba, analala kwangu. Kitanda kimoja na mimi."

Akampiga. Nilisikia mfupa ukivunjika. Akainua nondo tena, sasa kichwani kwangu. Mkono wangu ukakuta pasi ya makaa, inawaka. Nikamkandamiza nayo usoni. Sikuitoa upesi. Hapo ndipo ninapoona aibu: alishaangusha nondo, analia, na mimi bado nakandamiza. Mtoto wangu aliona yote.

Jicho lake moja limekwenda. Polisi walipomhoji hospitali, alisema aliangukia pasi. Nilipomtembelea akaninong'oneza, "Mama, nimekuficha. Na wewe nifiche. Turudi nyumbani."

Lakini Mama Furaha ameshtaki ya nondo. Mkono wake hautashona tena, na shahidi wake ni mimi. Mume wangu ameapa, nikisema ya nondo, naye atasema ya pasi. Nani atalea mtoto tukifungwa wote wawili? Nikinyamaza, nitamtazamaje mwanamke aliyepokea pigo langu?

Ijumaa natakiwa kuandikisha maelezo. Dada zangu, kaka zangu, msinitukane tu. Niambieni: nikifika pale, niseme nini?