Chupa ya Mwisho ya Vitone vya Plastiki

Mwaka wa 2007 tulikuwa wanafunzi wawili kwenye maabara ya chuo kimoja karibu na Nakuru. Mwenzangu alipika plastiki, mimi niliivika mchanga. Ndivyo nilivyomweleza mama, akacheka hadi akashika kiuno: digrii ya pili, na kazi ni kuvisha plastiki!

Lakini ilikuwa kweli. Yeye alitengeneza vitone vya plastiki vidogo mno, majini vikaonekana kama maziwa. Mimi nilivifunika kwa gamba jembamba la silika, ile iliyo kwenye mchanga, kisha nikavichoma polepole kwenye tanuri. Plastiki iliungua ikaisha, gamba likabaki tupu ndani. Magamba hayo tuliyataka yachuje floridi kwenye maji ya kunywa, ile inayotia meno yetu huku rangi ya kahawia.

Vitone visipolingana ukubwa, magamba hupasuka. Vyake vililingana. Alikausha tone kwenye kioo, akakiinamisha dirishani, na weupe ukageuka kijani, rangi inayotokea pale tu vitone vinapolingana.

"Ona, boss," alinitambia. "Huo ni mkono wangu."

Nilipojaribu kupika vyangu, vilibaki vyeupe pepepe.

Januari iliyofuata, katika ghasia za baada ya uchaguzi, nyumba ya kina mwenzangu mjini ilichomwa. Babu yake aliletwa Nakuru na kazi ya reli; sasa familia nzima ilipanda lori kwenda magharibi, "nyumbani", mahali ambapo yeye hakuwahi kuishi. Chuo kilipofunguliwa nilikuta chupa yake moja tu kwenye rafu. Sikuigusa. Nilimngoja.

Siku moja akapiga simu, akauliza kazi imefika wapi.

"Nakungoja wewe. Unarudi lini?"

"Tumia tu hiyo chupa. Yote. Usibakishe."

Nilishtuka. Hatukuwahi kumaliza chupa. Kama watu wa huku wanavyobakisha maziwa kidogo kwenye kibuyu yagandishe mapya, yeye alibakisha vitone vya mbegu, na juu ya hivyo akakuza vingine.

"Na mbegu je?"

"Mbegu ya nani, boss? Mimi huko sirudi."

Nilimkasirikia, kisha nikawakasirikia waliomfukuza, wengine wao majirani niliosalimiana nao kila asubuhi. Nikamimina yote, nikavifunika vitone kwa silika. Siku hizo harufu ya kitu kinachoungua ilinikumbusha nyumba zilizochomwa, lakini nikawasha tanuri.

Magamba yalitoka mazima, bila ufa hata mmoja. Mwalimu wetu alifurahi, akauliza mengine yatakuwa tayari lini. Nililia mbele yake, mtu mzima, koti jeupe mwilini, chupa tupu mkononi.