Katikati ya Mabasi ya Kasulu

Mwaka ule Warundi walipovuka kwa wingi nilikuwa naendesha bodaboda Kigoma mjini, na nilikuwa nakaa peke yangu kwenye chumba cha kupanga Kasingirima. Mke wangu alikuwa amepanda treni kwenda Tabora kumuuguza mama yake. Aliniaga kwamba hatakawia. Mama akapona, na yeye akawa bado yuko huko. Hatukugombana. Simu zetu zilianza tu kufupika, mpaka ikafika mahali tunajuliana hali, tunasema ni njema, halafu kila mmoja anasubiri mwenzake akate.

Ndiyo maana nilipenda kushinda barabarani. Zamani mji wetu haukuwa na foleni ya kutisha, lakini mwaka ule malori ya unga na maturubai yalikuwa yanapanda na kushuka kutwa, na mabasi ya kuwapeleka wakimbizi kambini Kasulu yalikuwa yanatoka kwa msafara. Gari moja likiharibika, barabara nzima inafunga. Sisi wa pikipiki tukazoea kupenya. Unakunja vioo vya pembeni, unabana magoti kwenye tangi, unamwambia abiria naye abane ya kwake, kisha unaingia katikati ya basi na lori huku joto la injini likikuchoma miguu yote miwili. Siku nzima napita karibu na watu kiasi cha kusikia wanachotafuna, na jioni narudi chumbani sijazungumza na mtu zaidi ya kumuuliza anashukia wapi.

Asubuhi moja nilikuwa Kibirizi, nawasubiri akina mama wa dagaa wamalize kununua, boti ya injini ikafika. Akashuka mwanamume wa rika langu, suruali imelowa mpaka magotini, mikononi hana kitu. Akanisalimia kwa Kirundi. Nikamjibu kwa Kiha, maana mimi ni Muha na lugha hizi mbili ni ndugu, ukizungumza moja mwenye nyingine anakusikia. Akaniuliza watu wanaoletwa na meli kutoka Kagunga wanawekwa wapi. Nikamwambia uwanja wa mpira. Akapanda. Nauli hatukuitaja.

Njiani akanieleza yaliyompata. Walikuwa wamefika Kagunga, kijiji cha mpakani, pamoja, yeye na mkewe, wakawakuta watu wamejazana ufukweni wakisubiri meli. Mkewe alikuwa na mimba kubwa, na wajawazito walitangulizwa. Yeye akaambiwa atafuata. Kila meli iliyokuja ikajaa kabla hajaifikia, mwishowe akawasihi wavuvi wampakie juu ya magunia ya dagaa. Alieleza haya yote kwa sauti ya chini, kama mtu anayejikumbusha asisahau.

Uwanjani mlinzi wa getini akatuambia wajawazito wametoka na mabasi ya asubuhi ileile. Mgeni wangu akashukuru. Akabaki amesimama, mkono ameuweka juu ya siti ya pikipiki, wala hakuniomba kitu. Nikamwambia apande tena.

Tuliyakuta mabasi kwenye mlima, kabla ya kufika Mwandiga. Lori la unga lilikuwa limeharibika mbele, limekaa mshazari. Mabasi ya wakimbizi yalikuwa yamejipanga upande wa kushoto. Upande wa kulia, madereva wenye haraka walikuwa wamejaribu kuyapita, wakakutana uso kwa uso na malori yanayoshuka, na sasa hakuna wa kwenda wala wa kurudi. Katikati ya mistari ile miwili palikuwa na nafasi inayozidi usukani wangu kidogo tu.

Nikamwambia mwenzangu mimi nitaangalia mbele, yeye aangalie madirishani na aite.

Akaita jina la mkewe. Tukapita basi la kwanza, la pili, nikiburuta miguu chini tusianguke. Watu walitazama kutoka madirishani, nyuso zipo usawa wa nyuso zetu, wengine wamelaza vichwa kwenye vioo. Walimsikia, wakageuka kutazamana ndani, halafu wakatikisa kichwa. Kufika katikati ya msafara sauti yake ilikuwa imeanza kukauka, naye akaita kwa shida. Ndipo na mimi nikaanza kuita. Lilikuwa jina la kawaida, lakini sikuwahi kulitamka kabla, na niliona haya kulipigia kelele jina la mke wa mtu. Nililiita hivyo hivyo. Baada ya muda nikawa nalitamka kama la mtu wangu.

Kwenye dirisha moja bibi kizee alinyoosha mkono akanishika mkono wa shati. Alidhani tumetumwa kutafuta watu. Akaniuliza kama tumewaona wajukuu zake, akataja walivyovaa. Nikamwambia, "Bibi, hatujawaona." Akaniachia taratibu, akanishukuru, na nikatia gia. Nilimfikiria bibi yule siku nyingi.

Tulikuwa tumekaribia basi la mbele kabisa niliposikia sauti ya mwanamke ikisema, "Ndi hano." Niko hapa. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu aliyeitwa akiwa jikoni.

Nilisimama usawa wa dirisha lake. Mume akamshika vidole kupitia uwazi wa kioo. Halafu mwanamke akamwambia ananuka dagaa. Mume akacheka, nikausikia mwili wake ukitikisika mgongoni kwangu.

Wakati huohuo lori la mbele likavutwa pembeni na msafara ukaanza kusogea. Mlango wa basi ulikuwa upande wa pili, na msimamizi wa safari, dada mmoja aliyevaa kizibao, alisema kwa kupitia dirisha la dereva kwamba hakuna kufungua mlango njiani. Huyu bwana arudi uwanjani, aandikishwe, asubiri zamu yake. Mume hakubishana naye. Ila vidole vya mkewe hakuviachia.

Basi likawa linapanda polepole, nami nikapanda nalo. Nilishika klachi nusu, nikapima mwendo wangu na mwendo wa lile basi ili mikono yao isiachane. Likisita, nasita. Kulia kwangu magari yaliyokwama yalikuwa yamenibana, na bamba la kuzuia matope la lori moja lilinikwangua goti, damu nikaiona baadaye. Wao walikuwa wakizungumza karibu kabisa na sikio langu. Mume alimuuliza mkewe amekula nini. Akamuuliza kama mtoto anacheza tumboni. Mke akasema anacheza, akauliza mbuzi wameachiwa nani. Yalikuwa mambo ya nyumbani, ya watu wanaokaa kwenye mkeka mmoja, na mimi niliyasikia yote, na nilitamani mlima ule uzidi kurefuka. Kisha mke akauliza, kwa sauti ya chini, huyu ni nani.

"Ni mtu wa pikipiki," mume akasema.

Alikuwa amesema kweli. Niliendelea kutazama mbele.

Mwandiga, penye njia panda, mabasi yalisimamishwa kukaguliwa. Nikazunguka mpaka upande wa mlango. Yule dada wa kizibao alikuwa ameshuka, amechoka, vumbi limemkaa kwenye nyusi. Nilimwamkia, nikamwambia, "Dada, mkewe yumo humu ndani, siku zake zimekaribia. Akijifungua njiani nani atamshika?"

Alimtazama mgeni wangu kuanzia suruali yake iliyokaukia chumvi ya jasho na tope, akatazama basi. Dereva, mzee mwenye kofia ya kufuma, akafungua mlango kutoka ndani bila kuulizwa. "Mimi naangalia barabara," akasema. Yule dada akageuka kwenda basi la nyuma, akaenda taratibu kuliko ilivyohitajika.

Mume aliweka mguu kwenye ngazi, akarudi chini. Aliniomba namba ya simu. Sikuwa na kalamu, naye hakuwa na simu, kwa hiyo nilimtajia akairudia mpaka akaishika. Kisha akapanda. Nilimwona akipita katikati ya siti, watu wakimpisha, mpaka akamfikia.

Nilishuka mlima nikiwa peke yangu. Foleni ilikuwa bado haijafumuka upande wa kurudi, nikapenya tena katikati ya malori, safari hii siti ya nyuma ni tupu na pikipiki ni nyepesi, inayumba kwa upepo mdogo. Mama mmoja mwenye mzigo alinipungia. Nikampita kama sikumwona, jambo ambalo halikuwa kawaida yangu.

Miezi ikapita. Mchana mmoja nikiwa kijiweni simu ililia, namba ngeni. Alikuwa yeye, ameazima simu ya jirani kambini. Akasema mkewe alijifungua salama, mtoto wa kike, na wamepewa mahali pa kukaa. Nikasema Mungu ashukuriwe. Akauliza kazi inaendaje. Nikasema inaenda. Nilitaka kumuuliza habari za yule bibi wa dirishani, kama aliwapata wajukuu zake, lakini nikakumbuka kwamba watu wa kule ni wengi kama mchanga na yeye hata hakumwona vizuri. Nilisikia sauti za watu nyuma yake, mtu akipasua kuni, mtoto analia, labda wake.

"Basi, ndugu," akasema, "tunakusalimu sana."

Niliihifadhi namba ile. Jina lake sikuwahi kumuuliza, kwa hiyo niliandika Kasulu. Siku ya sikukuu iliyofuata niliipiga nimpe heri, akapokea mwanamke nisiyemjua, nikamtajia jina la yule mke, akaniambia kwa Kirundi kwamba watu hao wamehamishiwa kambi nyingine, yeye hajui ipi. Akaniuliza mimi ni nani wao.