Njuga ya Popi

Mbuzi wa jirani yangu hapa Buhembe hupita nyuma ya nyumba kila jioni, na beberu anayewaongoza ana njuga shingoni. Ikilia, naacha ninachofanya. Si kwa ajili ya mbuzi, ndugu msomaji. Ni kwa ajili ya mbwa.

Popi alikuwa mbwa wa baba, mwekundu, mkia umejikunja, na maishani mwake hakubweka hata mara moja. Mbwa wa kuwindia kule kwetu Muleba wengi walikuwa hivyo, ndiyo maana walivishwa njuga ya chuma. Ikilia polepole, baba alijua Popi ananusa; ikilia harakaharaka, anafukuza. Majani yakitikisika bila njuga, huyo ni mnyama, rusha mkuki. Mimi nilisikia kelele tu.

Mwaka mmoja kijiji kilikuwa kimefungua shamba la ujamaa kule rweya, kwenye nyika iliyo nje ya vibanja vyetu vya migomba na kahawa, na nguruwe pori walilipenda kuliko wanakijiji wenyewe. Shuleni nako mwalimu alitufundisha habari za uhuru na unyonyaji, akatuchorea ubaoni watumwa wenye minyororo shingoni. Nilikuwa msichana wa miaka minane, na kila nilichofundishwa nilikibeba mzimamzima. Nilirudi nyumbani, nikamtazama Popi na chuma chake, nikaona aibu kwa niaba ya ukoo.

Jumamosi wanaume walitangulia kuwasaka nguruwe. Baba aliniagiza nimlete Popi umande ukikauka. Tulipofika kwenye mbuni wa mwisho wa kibanja chetu, nilifungua kamba, nikaifukia njuga chini ya majani makavu ya migomba. Popi alitikisa kichwa. Akasikiliza. Akatikisa tena, kisha akanitazama usoni kwa muda mrefu. Nikajua ananishukuru.

"Nenda, uko huru," nikamwambia, kwa Kiswahili, maana mambo ya uhuru hatukuyasema kwa Kihaya.

Alikimbilia kwenye majani marefu. Nikiwa juu ya kilima niliyaona yakitikisika kuelekea aliposimama baba, bila sauti yoyote. Baba akarusha mkuki. Hakukosea shabaha.

Nilipofika alikuwa amepiga magoti, mkono juu ya shingo ya Popi.

"Njuga iko wapi?"

"Imeanguka, taata."

"Ni fundo langu," akasema. "Sikulikaza."

Wiki nzima alikwenda rweya na fimbo, akipekua majani kuitafuta. Hakufuga mbwa mwingine. Wenzake walipomwita kuwinda, aliwajibu kwamba mikono yake haijui tena kufunga kamba.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilimsindikiza baba hadi kaburini. Padri nilimwambia, akanipa Salamu Maria tatu, nami nikaona amenionea huruma. Baba sikumwambia, na hilo linaniuma.

Njuga ninayo kabatini. Siku hizi najua Popi hakuwa akinishukuru. Alikuwa amezoea kuisikia kila akigeuza shingo. Alitikisa kichwa, hakuisikia. Akajaribu tena, hakuisikia. Basi akamuuliza mtu aliyekuwa karibu. Nami nikamjibu aende.