Siku Niliyomshika Mama Mkwe Juu ya Bembea

Wengi wenu mmeisikia hii hadithi, tena mmeicheka mbele yangu, na mimi nimecheka pamoja nanyi kwa sababu nilijua mnacheka nusu yake tu. Ile nusu nyingine ndiyo inanifanya mpaka leo nikiona bembea, hata ile ndogo ya watoto nyuma ya kanisa, niangalie pembeni. Leo nitaisema yote. Anayetaka kucheka acheke mapema, maana huko mbele hakuna kicheko.

Ilikuwa wiki ya Krismasi, miaka ile simu ya mkononi ilikuwa ya mtu mmoja au wawili katika ploti nzima. Nilikuwa nafanya kazi kiwandani Athi River na tulikuwa tumekodi nyumba ya vyumba viwili hapa Noonkopir, Kitengela, mimi, mke wangu Mama Nekesa, Nekesa mwenyewe aliyekuwa na miaka sita, na mtoto mchanga wa miezi miwili. Huyo mchanga ndiye aliyemtoa mama mkwe Bungoma, aje amwone mjukuu, na ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga Kitengela.

Sasa kwa wale ambao si watu wa kwetu lazima nieleze kitu. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mkono, hawaketi kiti kimoja, hawali wakitazamana, na akija kwa njia hii wewe unachepuka na ile. Si chuki, ni heshima, tena heshima kubwa. Miaka saba nilikuwa nimemwoa binti yake na nilimjua mama yule kwa sauti na kwa mgongo tu. Hata hapa Noonkopir alilala kwa dada ya Mama Nekesa, ploti ya tatu kutoka kwetu, kwa sababu hawezi kulala chini ya paa langu, na asubuhi alipokuja kumwosha mtoto nilikuwa nasimama nje ya mlango nakohoa kwanza, halafu namsalimia nikiangalia ukuta.

"Mmeamka, mama?"

"Tumeamka, baba."

Basi, imetosha, naenda kazini.

Lakini iko njia ya kufungua mkono. Mkwe anapeleka blanketi na mbuzi, wazee wanakaa, anamfunika mama lile blanketi mabegani, halafu wanapeana mkono mbele ya watu wote kwa mara ya kwanza. Siku yetu ilikuwa imepangwa Pasaka. Mama yule alikuwa anaihesabu. Wenzake wote wa kikundi cha kanisani walikuwa wamekwisha kufunikwa na wakwe zao, amebaki yeye, na Mama Nekesa alikuwa ameniambia kwamba mama ameshashona rinda la buluu la siku hiyo na limetundikwa ukutani limefunikwa kwa leso. Huo mkono wa kwanza ulikuwa kitu chake. Naomba mlikumbuke hilo.

Siku ya pili baada ya Krismasi, Nekesa akalilia kupelekwa ule uwanja wa mabembea uliokuwa kando ya barabara ya Namanga, ukitoka Kitengela unaelekea Isinya. Mama Nekesa akaniambia wazi, "Baba Nekesa, wewe baki. Sisi wanawake twende na mama, tutarudi saa kumi." Maneno ya akili kabisa. Mimi nikakataa. Nikasema atawabebea nani chakula, lakini ukweli ni kwamba nilitaka watu wa kanisa letu wanione nimetoa familia matembezi (hata shati nilikuwa nimepiga pasi mara mbili). Mtoto mchanga tukamwachia shangazi yake, tukatoka.

Jamani, watu! Ungedhani Nairobi nzima imehamia pale. Vumbi, watoto wamepotea wanaitwa kwa kipaza sauti, laini ya choo, laini ya soda, na laini ndefu kuliko zote ilikuwa ya ile bembea kubwa ya mviringo inayopandisha watu hadi juu kabisa. Mama Nekesa, mtoto na mama mkwe wakaingia laini. Mimi kwa heshima nikajipanga nyuma sana, watu kama thelathini katikati yetu, nikiwa na nia ya kutoka polepole kabla zamu yangu haijafika. (Niwaambie na hili, mimi naogopa kwenda juu. Kazini wakitafuta mtu wa kupanda ngazi ndefu nilikuwa nasingizia goti. Hata mke wangu hakuwa anajua.) Ndipo Nekesa akageuka akapiga kelele watu wote wasikie, "Baba, na wewe unapanda?" Baba gani atasema hapana? Nikasema napanda.

Tukasimama saa nzima juani. Wao wakafika mlangoni, mimi bado niko mbali, na nyuma yangu tayari namwona Mama Wanjala, mwanamke wa kanisani kwetu ambaye kwao ni kijiji kimoja na kwa mama mkwe. Nikaona siwezi kutoroka mbele yake, na kama ni lazima nipande, afadhali nipande na mtoto wangu, nimshike yeye, watu wafikiri yeye ndiye anaogopa. Viti vilikuwa vya watu wawili wawili. Mama na binti yake watakaa pamoja, mimi na Nekesa tukae pamoja. Nikatoka kwenye laini nikaenda hadi mbele.

Aliyekuwa akipanga watu mlangoni alikuwa mama mmoja Mmaasai, amevaa koti la kazi juu ya shuka na shanga zake. Nikamsalimia kwa yale maneno machache niliyokuwa nayo, "Sopa, yeyo."

"Epa," akajibu, akatabasamu. "Unaenda wapi, mzee? Laini iko nyuma."

Nikawaonyesha wale watatu kwa kidole. "Tuko pamoja."

Hilo tu. Uongo hata haukuwa, maana kweli tulikuwa familia moja. Akanisukuma ndani. Lakini Nekesa alipoona kile kiti kinaning'inia akamkumbatia mama yake kiunoni, akakataa katakata kumwachia, wakapandishwa wao wawili, kiti kikasogea, na kiti kilichofuata kilikuwa chetu. Mama mkwe alikuwa ameshaketi. Nikasimama. Nyuma watu wakaanza, "Songa! Panda ama utoke!" na yule mama Mmaasai akaniwekea mkono mgongoni kwa upole.

"Kaa na mama yako, mzee. Mshike vizuri."

Ningesema neno moja tu, kwamba huyu si mama yangu, ni mama mkwe. Yule mama angenielewa haraka kuliko mtu yeyote pale, maana hata kwao heshima iko. Lakini nilikuwa nimetoka kudanganya kwamba tuko pamoja ili niruke watu thelathini, na nikaona aibu kurudisha maneno. Nikakaa. Chuma kikafungwa juu ya mapaja yetu sote wawili.

Mwanzoni tulijitahidi. Yeye aligeuka akatazama upande wa Ngong, mimi nikatazama upande wa Athi, kati ya bega langu na bega lake pakiwa na nafasi ya kupitisha kisu tu. Tulipofika juu kabisa, stima ikapotea. Muziki ukanyamaza, bembea ikasimama, upepo ukaanza kutikisa kile kiti mbele na nyuma, na mimi nikaangalia chini.

Sikumbuki nilivyomshika. Najua tu kwamba nilipopata akili nilikuwa nimemshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, uso wangu uko begani kwake, na ninalia. Naam, nilikuwa ninalia, mwanamume wa watoto wawili. Mama yule hakunisukuma, wala hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ile niliyoizoea ya kupitia mlangoni, "Fumba macho, baba. Usiangalie chini. Mimi nitaangalia kwa niaba yako."

Tukakaa hivyo mpaka stima ikarudi, labda robo saa, labda zaidi. Kiti kilipoanza kushuka akaniambia, "Sasa niachilie. Watu wanaona." Nilimsikia. Nilitaka kumwachilia. Vidole vilikataa. Akaniambia tena, "Niachilie, baba, tafadhali," na tukafika chini mbele ya watu wote nikiwa nimemng'ang'ania hivyo hivyo, ikabidi yule mama Mmaasai anitoe vidole kimoja kimoja. Watu walicheka sana; walichoona ni mikono iliyoshikana, si nani aliyemshika mwenzake. Mama Wanjala peke yake hakucheka. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Kesho yake alfajiri mama mkwe akapanda basi akarudi kwake, wiki moja kabla ya siku aliyopanga. Mama Nekesa hakunisemesha hadi mwaka mpya.

Hapo ndipo ninyi huwa mnaishia kucheka. Sasa sikieni ile nusu nyingine.

Pasaka ilipofika nikaenda Bungoma na blanketi langu na mbuzi wangu. Habari ilikuwa imefika kabla yangu. Mashemeji zangu watatu, ambao tangu zamani walinihesabu kuwa mtu wa mjini asiye na adabu, walikuwa wamekaa mbele kabisa. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni kwake na wenzake wa kanisani, amevaa rinda la buluu. Mzee wa ukoo akasimama na fimbo yake.

"Tumesikia maneno kutoka Kitengela," akasema. "Tunaambiwa huu mkono umeshaguswa. Nani alimshika mwenzake?"

Sheria yao ilikuwa wazi. Kosa likiwa la mkwe, analeta mbuzi wa pili na siku inarudiwa upya, mama anafunikwa na anapewa mkono wake. Kosa likiwa la mama, hakuna mkono tena. Blanketi anapokea kutoka kwa binti yake, na mambo yameishia hapo. Niliijua sheria hiyo. Mbuzi wa pili nilikuwa na uwezo naye. Lakini niliwaangalia wale mashemeji, nikawaza nitasemaje mbele yao kwamba nililia, na kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akasimama.

"Ni mimi," akasema. "Niliogopa kule juu, nikamshika mtoto wa watu. Kosa ni langu."

Watu wakacheka kidogo. Mashemeji wakaangalia chini. Mzee akaniuliza, "Ni kweli?" na mimi, watu wangu, nikanyamaza. Kwetu mtu akinyamaza amekubali. Mama Nekesa akampelekea mama yake blanketi, akalipokea likiwa limekunjwa, akaliweka magotini, na hakuna aliyemfunika. Niliona wenzake wakimwangalia lile rinda.

Tangu siku hiyo watoto wa kile kijiji wakamwita Kukhu wa Bembea, kukhu ni bibi kwa lugha yetu. Alikuwa anaitika. Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema, na tulikuwa kata mbili, mimi na yeye, na yeye hakumwaga hata tone, hata kwa binti yake. Mama Nekesa nilimwambia mwenyewe mwaka jana, tuliporudi kutoka kumzika. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama mama alijua kwamba ningeweza kusema. Nikamwambia ndiyo, alikuwa ameniangalia kwanza kabla ya kusimama.

Kwa hiyo mkiniona benki au hospitalini nimesimama mwisho wa laini, na mtu akinivuta mkono kwamba fulani anajuana na mimi, nikakataa, msifikiri ni upole. Siruki laini tena, na neno "tuko pamoja" silisemi kama sina hakika. Lakini hilo ndilo funzo dogo.

Agosti hii tunaenda Bungoma kuweka msalaba kwenye kaburi. Nimenunua blanketi, la buluu. Nimewaomba wazee wanipe dakika mbili wakati watu wote watakuwa wamekaa, na wale watoto waliomwita Kukhu wa Bembea, ambao sasa ni watu wazima, wawepo. Mama Nekesa ameniuliza nitasema nini katika dakika mbili.

Nimemwambia hata hizo ni nyingi. Nitasema aliyelia ni mimi.