Haliumi, Waitu

Pale Kagoma, wilayani Muleba, watoto wa Magdalena walisifiwa hata na watu wasiompenda mama yao. Akiwaita, wanaitika "Waitu!" popote walipo, wanakuja mbio, wanapiga magoti. Neno hilo la heshima la Kihaya aliliingiza kwa fimbo, na aliyelisahau alitumwa mwenyewe kibanjani, kati ya migomba na mibuni, akakate fimbo ya kumchapia. Magdalena hakuona ubaya wowote. Naye alilelewa hivyo hivyo, na akina mama wenzake walikuwa wakija kumwuliza amewezaje.

Siku hizi hakuna anayeuliza. Siku hizi afisa ustawi anakuja kwenye mkutano wa kijiji na makabrasha yake, anasema mtoto ana haki ya kusikilizwa, na vijana wanapiga makofi. Magdalena, mwenye miaka sitini na minane, hukaa nyuma akibenua midomo. "Hayo mayai wanayoyalea, tutaona mwisho wake," alimwambia jirani yake Saburi siku moja. Mwisho wa malezi yake mwenyewe aliuona zamani, akauzika nyuma ya nyumba.

Binti yake Jovita alikuwa na miaka minane. Jumatatu alisema tumbo linamuuma. Mama akaona anakwepa kuchota maji, akamchapa. Jumanne akamwuliza, "Tumbo linauma?" Mtoto akajibu, "Haliumi, waitu." Jumatano vilevile, amejikunja kitandani, jasho linamtoka, adabu zote ziko mahali pake. Alhamisi walimbeba kwa machela hadi hospitali, wakachelewa. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Msibani watu walisema ni kazi ya Mungu, na Magdalena akawaacha waseme.

Imepita miaka thelathini na moja. Bado, akiwa peke yake kibanjani akipogoa migomba, husikia sauti ikiitika nyuma yake wakati hajamwita mtu. Anaogopa kugeuka.

Mwezi wa saba binti yake Alistidia, muuguzi anayeishi Miembeni mjini Bukoba, aliitwa kwenye mafunzo ya wiki mbili Mwanza. Akamleta mwanawe Jovina, mwenye miaka sita, aliyepewa jina la kumkumbuka Jovita.

"Mae, namwacha kwako. Lakini mtoto huyu haguswi. Nikisikia kofi moja tu, hatakuja tena."

"Kwa hiyo sasa napewa masharti nyumbani kwangu?"

"Ndiyo, Mae."

Jibu lilimchoma kwa sababu lilisemwa kwa upole. Na huyo ndiye mjukuu wake pekee. Akimkosa, anabaki na nyumba na ile sauti.

Jovina akiitwa alijibu, "Nini, bibi?" Mkono wa Magdalena ulipanda wenyewe mara mbili, tatu, akaushusha. Siku ya tano mtoto alikataa ndizi za mchana, akaenda kujilaza. Bibi akamwita kwa sauti yake ya zamani, ile isiyosubiri.

"Waitu!" Mtoto akaja, akapiga magoti. Alikuwa amejifunza kwa watoto wa Saburi.

Magdalena akamwinamia. "Tumbo linauma?"

"Haliumi, waitu."

Hakumbuki alivyofika barabarani. Anakumbuka tu yuko kwenye bodaboda, hana viatu, amemkumbatia mtoto huku akimpigia dereva kelele aongeze mwendo. Kwenye zahanati mganga alimbonyeza Jovina tumbo, akacheka: alikuwa amekula mapera mabichi.

"Kwa nini hukuniambia?" Magdalena aliuliza, akilia mbele za watu bila kujali.

"Niliogopa utanichapa."

"Nimewahi kukuchapa?"

"Hapana. Lakini unavyoita, bibi."

Palepale nje ya zahanati akampigia Alistidia simu. Akamweleza habari za mapera, akasema mtoto ni mzima, kisha maneno aliyoyaficha miaka yote yakamtoka.

"Kifo cha Jovita hakikuwa kazi ya Mungu. Mwanangu aliniogopa."

Alistidia akajibu kwa upole ule ule.

"Najua, Mae. Tulilala kitanda kimoja. Aliniambia linamuuma sana, akanisihi nisikwambie."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nilikuogopa."

Mwaka ule Alistidia alikuwa na miaka sita.